Nilihubiri misheni chapeli, kesho yake bawabu wa chuo akaniuliza: "Hilo giza ni mimi?"

Mwanachuo_Pwani · Alhamisi, saa 3:40 usiku

Wadau, shalom na asalaam aleikum, kila mtu achukue inayomfaa.

Niko mwaka wa pili kwenye chuo cha theolojia hapa Mombasa. Jina la chuo liacheni. Kwetu kila Jumatano saa nne kasorobo asubuhi kengele inalia, madarasa yanafungwa, watu wote chapeli. Mwanafunzi mmoja anahubiri dakika 18. Mwalimu wa mahubiri anakaa benchi la mwisho karibu na mlango akiwa na karatasi ya tathmini na kalamu nyekundu, na wenzako watatu wana karatasi kama hiyo. Maksi ni 30. Ukizidisha muda anagonga benchi kwa pete yake, ko ko ko, na hapo hata kama Yesu alikuwa bado hajafufuka katika mahubiri yako, unasema amina unashuka.

Wiki jana ilikuwa Wiki ya Misheni na zamu ikaniangukia mimi. Mathayo 28, Agizo Kuu. Nilijiandaa siku tisa. Nikapata pointi tatu zote zinaanza na A kama tulivyofundishwa: Amri, Ari, Ahadi. Nikaweka hadithi za wamishenari wa China na India nilizosoma maktaba. Kisha nikapandisha sauti, nikasema Pwani hii ni ngome ya giza, kwamba injili imegonga mwamba hapa miaka na miaka, na nani atakwenda? Watu wakasimama. Mwenzangu mmoja akalia. Nikapata 26 kwa 30, ambayo muhula huu hakuna aliyeifikia.

Kesho yake asubuhi natoka kwenda kupiga kopi. Langoni pale tuna bawabu, mzee Mdigo wa Matuga, Mwislamu, amekaa chuoni miaka mingi kuliko mwalimu yeyote. Ananiita kila siku "kasisi mdogo". Ana redio imefungwa kwa mpira wa baiskeli na birika lake la chai ya rangi. Akanimiminia kwenye kile kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni, akanipa, akangoja ninywe kwanza. Halafu akasema, taratibu tu, wala hana hasira:

"Jana nalikusikia kwenye spika. Wasema vizuri. Sasa hilo giza, mwanangu, ni mimi?"

Spika ya nje. Niliisahau kabisa. Ile imewekwa ili wa jikoni na wa ofisini wasikose neno.

Nikamwambia, mzee, ile ni lugha ya mahubiri tu. Akanitazama kidogo. "Haya," akasema. "Lugha." Akachukua kikombe chake akakisuza.

Tangu hapo sijalala vizuri. Na sasa mwenzangu aliyepangiwa Jumatano ijayo amefiwa, amekwenda Taita kuzika, nami nimeambiwa nishike nafasi yake, mada ileile ya misheni. Naomba msaada. Sitaki kuambiwa niache kuhubiri, maana nimeitwa. Ila nataka kujua mtu anahubirije misheni katika mji huu bila kusema uongo na bila kumtukana mzee anayenipa chai.

---

Kijana_wa_Tudor · Alhamisi, saa 3:52 usiku

Yaani 26 kwa 30 na bado unalia. Mimi nilipata 14 na pete iligongwa mara mbili. Nitumie hizo A tatu nizitumie Bungoma, huko hakuna spika ya nje.

---

Moto_wa_Likoni · Alhamisi, saa 4:15 usiku

Bwana asifiwe. Ndugu mwanachuo, nitasema wazi kwa upendo. Shetani ameshakuingia kupitia kikombe cha chai. Isaya aliandika "watu waliokwenda katika giza", hakumwuliza mtu kama atakwazika. Paulo alipigwa mawe Listra, aliomba radhi kwa nani? Siku hizi vyuo vya theolojia vinazalisha watu wa kuogopa. Mzee wa lango amekuuliza swali zuri sana, na jibu lake lilikuwa moja: "Ndiyo mzee, na mimi pia nilikuwa humo, njoo nikuoneshe nuru." Ulipewa mlango ukaufunga mwenyewe.

---

Kasisi_Mstaafu · Ijumaa, saa 11:20 alfajiri

Nimesoma baada ya sala ya asubuhi. Nimehudumu Pwani miaka 34 na nimesikia mahubiri ya misheni mengi kuliko nywele zilizonibaki.

Moto wa Likoni, jibu lako si baya, na lile "mimi pia nilikuwa humo" ndilo neno ambalo kijana hakulisema. Lakini rudi kwenye Isaya uliyemtaja. Sura ya 9 inaanza kwa kutaja nchi ya Zabuloni na nchi ya Naftali. Hao ni ndugu zake. Giza alilolisema lilikuwa la nyumbani kwake, si la jirani. Ukihamisha giza kutoka kwako ukalipeleka kwa mwenzio, hayo si ya Isaya tena.

Sasa wewe kijana. Ulikwenda China na India kutafuta hadithi, nawe umekaa juu yake. Panda tuktuk uende ng'ambo ya Nyali ukaone kaburi la Rosine Krapf. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na jumuiya ya CMS ya Uingereza, alihamia hapa na mkewe mwaka 1844. Julai mwaka uleule mama akajifungua mtoto wa kike, homa ikamchukua mama, na siku chache baadaye mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa ileile. Aliwaandikia waliomtuma kwamba sasa kuna kaburi la mmishenari katika pwani hii, nalo ni dalili kwamba kazi imeanza. Sikiliza hapo: kilichoanza ni kaburi. Bado hakuna kanisa, hakuna muumini hata mmoja.

Na aliingiaje? Aliingia na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar, Sultani Mwislamu, inayowaambia maliwali wake wampokee kwa wema. Mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia maneno ni kadhi wa Mombasa. Kadhi! Mtu wa sheria za Kiislamu amekaa na mgeni, anamwambia hapa sema hivi, hapa usiseme hivi. Uliposema injili imegonga mwamba, mwamba upi? Ile Biblia uliyoishika mkononi, kurasa zake za kwanza kabisa kwa Kiswahili zilipita kwenye ulimi wa mtu ambaye wewe umemwita giza.

Halafu jambo la pili, linalokuhusu wewe mwanachuo hasa. Shule ya kwanza ya theolojia ya Kianglikana katika nchi hii ilianzishwa Frere Town mwaka 1903, hapo Kengeleni, ndiyo ikahamia Limuru 1930 na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Kwa hiyo wanafunzi wa kuhubiriana wenyewe kwa wenyewe na mwalimu ameketi nyuma, mchezo huo umeanzia ukanda huuhuu wa Kisauni. Walikuwa wakisikia azana kama wewe unavyoisikia. Usijione wa kwanza kuchanganyikiwa.

---

BintiRabai · Ijumaa, saa 1:05 asubuhi

Kasisi shikamoo. Nakuheshimu lakini nitakukatiza. Kila tukianza misheni ya Pwani tunaanza na Krapf, tunakwenda kwa mwenzake Rebmann, tunaona theluji ya Kilimanjaro 1848, tunarudi nyumbani. Sisi wa Rabai tuko wapi?

Wazee wa kaya ndio waliowapa Krapf na Rebmann mahali pa kukaa 1846. Wangekataa, hakuna misheni. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, Mnyika wakati huo tukiitwa hivyo, na alibatizwa akiwa anakufa. Hakupata hata Jumapili moja ya kukaa kanisani na Wakristo wenzake.

Na Rebmann huyo alikaa miaka 29 bila kurudi kwao, akapofuka, akaondoka 1875 akiongozwa mkono. Kwa hesabu za makao makuu huyo ni mtu aliyeshindwa. Lakini waliokuja kuibeba kazi baadaye ni akina nani? Watumwa walioachwa huru. Wengine walikuwa wamenaswa wakiwa watoto, merikebu za Kiingereza zikawaokoa baharini, wakapelekwa Bara Hindi wakasomea Nasik, upande wa Bombay, ndiyo maana wakaitwa Wabombei. William Jones na George David walifika Rabai 1864, mizungu bado inahangaika na homa. Wao ndio waliofundisha, waliozika, walioamua kesi. Jones na mwenzake Ishmael Semler walipewa ushemasi 1885.

Mwaka huohuo Jones akafuatana na Askofu Hannington kwenda Uganda. Hannington akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Jones ndiye aliyewarudisha waliosalia, kwa miguu, hadi Rabai mwanzoni mwa 1886. Waliingia kijijini na bendera ya buluu imeandikwa kwa herufi nyeupe: ICHABOD. Fungua 1 Samweli 4 uone maana yake: utukufu umeondoka. Mama zetu walikuwa wamesimama njiani kuhesabu waliorudi.

Leo ukienda mjini, jina utakaloliona limeandikwa kanisani ni la Hannington. La Jones waulize watu kumi Nkrumah Road.

Nisamehe kwa "mizungu", simu ndiyo iliyoandika. (Naiacha.)

---

Kijana_wa_Tudor · Ijumaa, saa 1:11 asubuhi

Hiyo simu ipewe ushemasi.

---

Mvita_Haswa · Ijumaa, saa 9:30 alasiri

Asalaam aleikum. Mimi Mwislamu wa Mji wa Kale, nimeletewa uzi huu na rafiki yangu Mkristo, nimeusoma wote baada ya sala ya Ijumaa. Kama si mahali pangu niambieni nitoke.

Kwanza huyo mzee wa lango, Mungu amuweke. Angeweza kukunyima chai.

Pili, nataka kukuonesha jambo, kasisi mdogo. Chukua hayo mahubiri yako uyakwangue. Injili, imani, dhambi, toba, neema, rehema, sala, ibada, nabii, malaika. Hata msalaba. Hata kanisa. Hata hilo neno kasisi ambalo mzee akuita. Yote yalikuja na Kiarabu, yakakaa kwetu, yakalainika midomoni mwa mama zetu kabla ya jahazi la Krapf kutia nanga. Ukiyatoa hayo utabaki umesimama pale mbele wasema "na" na "ya". Wala sikwambii haya nikudai kodi. Najua neno halina mwenyewe. Nakwambia ujue ulipokopa.

Na wazee wenu walilijua hilo vizuri. Kulikuwa na yule W. E. Taylor wa CMS, alikaa hapa Mombasa akasoma Kimvita, Kiswahili chetu cha hapa, hadi kikamkaa. Ni yeye, pamoja na Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa hapahapa mjini, waliokusanya mashairi ya Muyaka yasipotee. Muyaka Mwislamu, Sikujua Mwislamu, Taylor mhubiri. Sisi twalisoma Muyaka shule kwa sababu ya watu hao wawili kuketi pamoja. Na Biblia nzima ya Kimvita ilitoka 1914, marehemu babu alikuwa nayo moja, akiisoma kwa ajili ya lugha: ndia, nti, mato, ambazo kwenu ni njia, nchi, macho. Leo mwatumia ile ya Muungano ya 1952, Kiswahili cha vitabuni. Ukimwambia mtu wetu "ndoo", yaani njoo, yuwaja. Wenu atakuletea ndoo ya maji.

Tatu, malalamiko, maana sitaki mnione malaika. Spika zenu zaudhi. Kuna mkutano wa injili ulifanywa karibu na kwetu, usiku nne mfululizo, spika zimeelekezwa msikitini kama mizinga. Lakini nasi hatuko safi. Hii mihadhara yetu ya barabarani, mtu asimama na Biblia mkononi aisome kwa kejeli, watu wacheka, na Mkristo apita na watoto wake. Hilo nalo ni giza la nani?

---

Mseminari · Ijumaa, saa 2:18 usiku

Nasema kidogo kama Mkatoliki. Mnaanza na 1844, lakini mapadre wa Augustino walikuwa hapa tangu enzi za Wareno, Ngome ya Yesu ikiwa mpya. Walimchukua mtoto wa mfalme, Yusuf bin Hasan, akalelewa Goa, wakambatiza Jerónimo, wakamrudisha awe mfalme chini ya kapteni wa ngome. Tarehe 16 Agosti 1631 akaingia ngomeni akamwua kapteni, akarudi kwenye Uislamu, na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa, mapadre na raia. Tunawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa.

Kila nikipita Fort Jesus najiuliza yule mtoto aliwahi kuulizwa. Ubatizo wake ulikuwa na bunduki nyuma yake. Mashahidi ni mashahidi, siwavunjii heshima, ila huwezi kuhubiri misheni ya mji huu ukaruka ukurasa huo.

---

Moto_wa_Likoni · Ijumaa, saa 2:40 usiku

Historia nimeipenda, kweli. BintiRabai, habari za Jones sikuzijua na nitazihubiri Jumapili. Lakini naona mnazunguka mbuyu. Yesu alisema mkawafanye mataifa yote wanafunzi. Hakusema mkajifunze mashairi. Mwanachuo, jibu swali moja: mzee wa lango akikuambia leo nataka kubatizwa, utambatiza au utampa historia ya Kimvita?

---

Mwanachuo_Pwani · Ijumaa, saa 3:02 usiku

Nitambatiza. Hapo sina shaka, pasta, na asante kwa kuniuliza uso kwa uso. Shida yangu ni kwamba Jumatano ile sikumwambia yeye chochote. Niliwaambia Wakristo 60 juu yake, ili nipate maksi.

---

Mwalimu_wa_Nahau · Ijumaa, saa 3:30 usiku

Nafundisha Kiswahili sekondari, Kigiriki nilisoma kidogo nikakiacha. "Enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, mkiwabatiza." Tazama viambishi. Ile -ka- ni ya "nenda ukamwite": kwenda ni hatua, kazi yenyewe iko mbele. Ile -ki- ni ya kufanya huku jambo jingine likiendelea. Kwenye Kigiriki amri kamili ni moja tu, "fanyeni wanafunzi". Kwenda, kubatiza na kufundisha ni vitenzi vinavyoiegemea, ingawa kule kwenda nako kunabeba uzito wa amri. Wahubiri wengi wanapiga kelele kwenye "enendeni" wakifika kwenye "wanafunzi" pumzi imekwisha.

Na mwanafunzi ni nani kwa Kiswahili? Ni mtu mwenye ada ya muhula haijalipwa. Mwanachuo utanisahihisha.

---

Mama_Kwaya · Jumamosi, saa 12:45 asubuhi

Nyinyi mnaandika kama mnalipwa kwa neno.

Mimi ni muuguzi, sauti ya pili kwaya, miaka 20. Wiki za Misheni nimeziimbia zote. Kila mwaka ni bahasha ya Turkana, bahasha ya Marsabit. Sikatai, natoa. Lakini sijasikia mahubiri ya misheni yanayotaja wodi ninayofanya kazi, ambako usiku wa manane mgonjwa Mwislamu ananishika mkono ananiambia "sista niombee", nami namuombea, na Mkristo wa kitanda cha pili anamgawia uji. Hapo nani amemwendea nani? Sijui kuandika mahubiri. Nimesema tu.

Mwanachuo kula vizuri, ulale. Mtu asiyelala anahubiri kwa hasira.

---

Kasisi_Mstaafu · Jumamosi, saa 2:10 asubuhi

BintiRabai, marahaba, na nimepokea. Umenikamata sawasawa. Miaka 34 nimefundisha watoto kipaimara nikianza na Krapf.

Kijana, badili andiko. Mathayo 28 liache kwa mwaka huu, si kwa sababu ni gumu, ila kwa sababu bado linanuka jasho la Jumatano ile. Nenda Luka 10, wale sabini. Hawana mfuko, hawana mkoba, hawana viatu vya akiba. Wanatumwa wakiwa na njaa! Wanaingia nyumba ya mtu, wanaanza na amani, wanakula walichowekewa. Mwenye nyumba ana chakula, wao wana habari. Soma polepole uone ni nani anayemhitaji mwenzake kwanza.

Na kabla hujaandika sentensi ya kwanza, nenda langoni.

---

Mwanachuo_Pwani · Jumatano, saa 2:25 usiku

Nimerudi. Naomba radhi kwa kimya, ilikuwa wiki ya kuandika na kufuta.

Jumatatu nilikwenda langoni kama kasisi alivyosema. Nilipanga maneno, yote yakapotea. Nikasema tu: "Mzee, lile neno la juzi lilikuwa baya. Nisamehe." Akasema, "Nilishasahau," kwa namna ambayo unajua hajasahau. Nikamwambia Jumatano nasimama tena. Akasema atasikiliza. Akaivuta redio karibu na ukuta ili isiingiliane na spika.

Leo basi. Luka 10:1–9. Sikuweka A hata moja. Nilianza na kaburi la Rosine, niliwahi kwenda Jumapili mchana, na nilichokiona zaidi ni mtoto aliyekuwa anafukuza mbuzi pale karibu. Nikaliweka hilo pia. Nikaja kwa kadhi. Nikasema kwamba mmishenari wa kwanza wa Kiprotestanti wa pwani hii alikula kwa barua ya Mwislamu na kusema kwa ulimi wa Mwislamu, na kwamba wale sabini wa Luka walitumwa hivyohivyo, mikono mitupu, wakae kwa watu. Nikamtaja Mringe. Nikamtaja William Jones, na nilipofika kwenye ile bendera ya buluu chapeli ilinyamaza hata feni ikasikika.

Halafu feni ikanyamaza nayo. Umeme ulipotea. Maikrofoni kimya, spika ya nje kimya. Nikapaza sauti nikamaliza. Nilisema Jumatano ile ya Wiki ya Misheni nilimwita mtu giza, naye ndiye aliyenipa chai, na sikulisema lile la "mimi pia nilikuwa humo". (Pasta wa Likoni, hilo ni lako, nimelitumia.) Nikasema bado naamini Yesu ni nuru, na bado ningetamani mzee huyo amjue, na sitaki kuficha hilo kwa sababu ya adabu. Pete ikagonga, ko ko ko. Nikashuka bila hitimisho.

Maksi 19. Kalamu nyekundu imeandika: "Ufafanuzi mzuri. Matumizi hayajakamilika. Muda!" Mwenzangu mmoja kaandika kwamba nimepunguza makali ya injili, mwingine hakuandika kitu, kachora kikombe.

Nikaenda langoni. Mzee amekaa, mkono sikioni. "Kasisi mdogo, leo hukusema?"

Hakusikia. Yote niliyoyasema kwa ajili yake hakuyasikia, yamekwenda na umeme.

Basi nikakaa kwenye benchi lake nikamwambia upya, bila karatasi, dakika tano hivi. Lori la maji liliingia, akainuka akafungua lango, akaandika namba kwenye daftari, akarudi, akasema endelea. Nilipofika kwenye sabini akanikatiza: "Hao watu walikula nini?" Nikamwambia Luka hakuandika, amesema tu wale walichowekewa. Akacheka. Akasema huyo Luka hakuwa mtu wa Pwani, angeandika.

Kisha akaniambia Jumamosi hana zamu, niende kwake Matuga, mkewe atapika.

---

BintiRabai · Jumatano, saa 2:50 usiku

19 yako ni tamu kuliko ile 26. Asante kwa Jones.

---

Mvita_Haswa · Jumatano, saa 3:15 usiku

Ukienda usipeleke soda. Peleka sukari na majani ya chai. Na viatu uvue mlangoni hata akikwambia usivue.

---

Kijana_wa_Tudor · Jumatano, saa 3:20 usiku

Aliyechora kikombe ndiye askofu wetu wa baadaye.

---

Moto_wa_Likoni · Jumamosi, saa 5:35 asubuhi

Mwanachuo, bado nasema makali yamepungua, tutabishana siku nyingine. Leo ndiyo Jumamosi. Umekwenda?

---

Mwanachuo_Pwani · Jumamosi, saa 5:48 asubuhi

Niko ndani ya feri, pasta. Imejaa, sukari nimeipakata. Mzee amepiga simu mara mbili kuuliza kama nala pweza.